Pua ya Mume Wangu

Alhamisi ya kwanza ya mwezi tunapanda tramu,
Alasdair na mimi, hadi kichochoro cha Flinders,
yeye kavaa tai ya kijani, mimi viatu vya kuvumilia kusimama.
Ghorofani kwa Bi Liaw kuna picha mpya kutoka Suzhou,
na chini yake, mezani, chupa sita zimevikwa mifuko ya karatasi
kama mashahidi wanaofichwa nyuso.

Mvinyo kwanza, ndiyo desturi.
Zsófia humimina kidogo, kiasi cha kulowesha kumbukumbu.
Watu huzungusha bilauri, huinamisha nyuso,
huvuta pumzi kana kwamba wamedondosha kitu humo ndani,
huonja, hutema kwenye ndoo kwa adabu kubwa,
kisha wote humgeukia mume wangu.
Miaka thelathini na minne aliagiza mvinyo kwa meli.
Husemwa pua yake iliwahi kukatiwa bima.
(Si kweli. Ulikuwa mzaha wa siku ya harusi yetu.)

"Cheri mbivu," anasema Alasdair. "Ngozi ya tandiko.
Na mbali kidogo, subirini, njiti ya kibiriti iliyozimwa sasa hivi."
Kalamu zinakwaruza.
Bwana Kyriakou anapigia kibiriti mstari.

Ajuaye ni mimi na daktari
kwamba tangu homa ya Julai, mwaka juzi,
pua ile ni mlango uliochorwa ukutani.
Maziwa yakichacha, mimi ndiye nijuaye.
Gesi ikivuja, mimi.
Usiku aliotoka hospitali alininusa shingo,
akanusa tena,
akasema, "Hamna mtu humu."
Kisha akaomba radhi, mara nyingi mno.

Lililo moyoni, ulimi huliiba.
Wake unaiba ghala la zamani:
kibiriti kile ni cha jikoni kwa mama yake, Ballarat,
usiku umeme ulipokatika.
Tandiko ni la farasi aliyeuzwa bila yeye kuulizwa.
Kila mwezi anawagawia kipande cha utoto wake, bure,
nao wanatikisa vichwa na kukisia mwaka wa mavuno.
Zamani nilikuwa nikimkanyaga mguu anyamaze.
Siku hizi nasikiliza.
Nyumbani hanisimulii haya.

Baada ya chupa ya sita tukaigeukia picha.
Gombo refu kuliko kitanda chetu:
chini, msonobari mmoja;
juu, kilele chembamba kama ukucha;
katikati, karatasi.
"Hapo ni ukungu," Bi Liaw akasema.
"Brashi haikugusa. Alichora pembeni tu, mpaka ukungu ukaja wenyewe."
Bwana Kyriakou akauliza kama patupu napo panalipiwa.
Watu wakacheka.
"Hapo ndipo ghali zaidi," akajibu, bila kucheka.

Alasdair akasogea, akasogea, mpaka mlinzi akakohoa.
Akafumba macho mbele ya ile karatasi
akavuta pumzi ndefu, ya kazi, ile ya enzi zake.
Tukangoja. Kalamu zikangoja.
"Sinusi kitu," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Ajabu, wakapiga makofi.
Bwana Kyriakou akaandika.

Kwenye tramu mvua ilipiga vioo.
Alikuwa ameshika orodha ya bei, kaikunja mara nne.
"Humu kuna harufu gani?" akauliza.
Hajawahi kuniuliza.
Nikamwambia: koti la sufu lililolowa. Breki.
Chungwa, mtoto wa nyuma yetu analimenya.
Mtu fulani kala kitunguu saumu na hajuti.
"Na wewe?"
Nikanusa kiganja changu, sikutaka kukosea.
"Sabuni," nikasema. "Sarafu. Kikorombwe cha chupa ya tatu."
"Hakuna neno kama hilo," akasema.
"Kizibo, basi."
Akaomba kalamu yangu,
akaikunjua karatasi,
akaandika polepole upande usio na bei.